Mahindi Yasiyojua Kiu

Khisa alimwaga gunia la mabua makavu juu ya meza ya kamati. Vumbi likamrukia mwenyekiti, Bwana Kigen, kwenye miwani.

"Haya ndiyo mahindi yenu yasiyojua kiu," alisema. "Familia kumi na tisa kule Bungoma zimeyapanda kwa neno langu. Mmoja wao, Wanyonyi, amekunywa dawa ya kupe. Tulimzika Jumamosi."

Upande wa pili wa meza aliketi Daktari Chepngeno, mtafiti wa kampuni ya mbegu hapa Kitale. Mwaka uliopita alipanda aina kumi za mahindi ndani ya banda la plastiki, kila aina na mstari wake, akayanyima maji siku arobaini. Kila wiki alikata vipande vya majani, akavigandisha papo hapo, kisha akavipima kwa mashine inayosoma kemikali mia tatu kwa mpigo. Mmea wenye kiu hujaa kemikali za dhiki. Mstari mmoja, ule wa mlangoni, haukuwa nazo. Mbegu ya mstari huo ndiyo iliyopelekwa kwa wakulima.

"Na haya ya Bungoma umeyapima?" Kigen aliuliza.

"Nilipima majani yake wiki iliyopita. Yamejaa dhiki. Na mbegu ni ileile." Chepngeno akamgeukia Khisa. "Wewe ndiye uliyekuwa mlinzi wa banda. Una hakika hakuna maji yaliyoingia?"

Khisa akapiga meza.

"Ati sasa ni mimi? Ufunguo ulikuwa kwangu siku zote arobaini! Mimi si mtu wa kuhongwa. Hakuna hata tone lililoingia. Kama kuna aliyepika namba, ni mwenye mashine."

"Khisa, tafadhali. Mlipokuwa mkiishi hapa na mamako, si mimi niliyempeleka hospitali kila Alhamisi kwa gari langu? Mtu kama huyo ndiye wa kuwauzia uongo?"

"Wema wako usinifunge mdomo, Daktari."

Khisa aliandika ushahidi wake kwa mkono, kurasa mbili, akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Kabla ya saa saba Chepngeno alikuwa amefutwa kazi, na askari wawili walikuwa wakimngoja getini. Alipita mbele ya Khisa bila kumtazama.

Khisa alifika nyumbani Bungoma jua likiwa bado juu. Mamake, Rispah, alikuwa ameketi kizingitini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha, akilitazama shamba lililokauka.

"Wamemshika Daktari, mama. Alitudanganya."

"Yule mpole? Alidanganya nini?"

"Ati mahindi yake yanaweza kuishi bila maji. Alisema kule bandani yalikaa siku arobaini bila kunywa, na yakabaki mabichi."

Rispah alimgeukia, kama anayengoja mzaha uishe.

"Bila kunywa? Si nilikuwa nikichukua ufunguo wako na kuyanywesha mimi kila alfajiri, wewe ukikoroma! Miguu hii haingenifikisha mbali, mwanangu, lakini ule mstari wa mlangoni nisingeuacha ufe."