Chui, Pimbi na Njia ya Kushuka

Tumepokea kwa waliotutangulia kwamba Chui, mwenye majivuno, alimshurutisha Pimbi amvushe barafu ya mlima mrefu alfajiri. Walipofika kileleni, Chui akalamba midomo.

"Ahsante, bwana usiye na mkia. Njia nimeshaijua, kilichobaki ni kitoweo."

"Nile, Bwana Mkubwa," akajibu Pimbi. "Ila barafu iliyokubeba alfajiri imekwisha lainishwa na jua. Ya kushukia ni njia nyingine, nayo naijua mimi."

Chui akatazama chini, akaona nyufa zikifunguka. Akamfuata Pimbi kama ndama, hata walipofika miambani. Hapo Pimbi akajipenyeza kati ya majabali mawili, mahali pasipomtosha Chui, akasema kwa fahari:

"Kilele hupandwa na kila mwenye makucha, kushuka salama ni kwa idhini ya wenyeji wake."