Karamu ya Baba Diem

Kwa mara nyingine Trac alipita mbele ya mlango wa buluu bila kugonga, akajifanya anapiga picha nyaya za umeme.

Alikuwa na kofia ya kitalii, kamera shingoni na shati lililomganda mgongoni. Saigon ya mwezi wa sita humlowesha mtu hata kabla mvua haijanyesha. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka peke yake: sokoni, mtoni, kwenye hekalu lenye kobe. Aliviona vyote na hakuhisi chochote. Hata supu ya tambi aliyokula kando ya barabara hakuijua ladha yake.

"Mjomba, unanichambulia giligilani kama unachambua chawa!" mama muuzaji alimcheka, akiyatazama majani aliyoyarundika pembeni. "Nyie watalii!"

"Tangu utotoni hainipandi."

"Utotoni wapi, na Kivietinamu chako chenyewe kinachechemea?"

Trac alilipa, akaondoka. Alizaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapo.

Jambo lililomleta lilikuwa moja. Nyuma ya mlango wa buluu alimwacha mkewe, Sen, na mtoto wa kunyonya, akapanda mashua kuitoroka nchi, akiahidi kuwaita. Mashua ikazama. Yeye akaokolewa na meli, akapelekwa ng'ambo, na huko akaoa mke mwingine, akanyamaza. Sasa huyo mke wa pili alikuwa amekufa, nyumba ilikuwa kimya, na Trac alitaka kuomba arudi kwao. Ndege yake ilikuwa kesho. Akifukuzwa, basi. Lakini kwanza agonge, na mkono ulikataa.

Mvua ndiyo iliyoamua. Iliporomoka ghafla, mlango ukafunguliwa, na mwanamke wa makamo akamvuta ndani.

"Ingia, mjomba, utaugua bure! Leo tuna karamu ya kumkumbuka marehemu baba, chakula kipo tele. Mimi naitwa Diem."

Diem. Ndiye aliyekuwa akinyonya. Trac alingoja moyo umruke, haukuruka.

Majirani walikuwa wameketi mkekani, wamechangamka. Kwenye madhabahu ya nyumba, nyuma ya vijiti vya udi na sahani za matunda, palikuwa na picha ya kijana mwenye nywele nyingi. Ilikuwa picha yake mwenyewe. Hapo ndipo alipokumbuka: kwao, asiyejulikana alikufa lini hukumbukwa siku aliyoondoka nyumbani, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Alikuwa ameishi mno kwenye nchi isiyotazama mwezi. Alikata tikiti ya ndege bila kujua kuwa leo ndiyo siku hiyo.

"Tumnywee!" alisema jirani mmoja mzee, bilauri juu. "Trac alikuwa na kiburi, jamani! Hajui kuogelea hata kwenye beseni, eti kapanda mashua!"

Watu wakaangua kicheko. Trac naye akacheka kidogo, kwa adabu. Mzee akammiminia bia bila kumtazama mara mbili.

Sen alitoka jikoni na sinia la mabakuli. Alikuwa amezeeka vizuri. Alimtazama mgeni kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umetoka mbali?"

"Mbali."

"Mtalii?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema.

"Mtalii," Trac alisema.

"Basi kula kabla haijapoa."

Akamwekea bakuli la supu, akaendelea kuwagawia wengine, hao akiwanyunyizia giligilani juu. Trac alikula yote, akanywa hata mchuzi wa mwisho, bila kutoa kitu pembeni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliisikia ladha ya chakula. Akapiga moyo konde. Wageni wakiondoka, atamwambia. Kwa kuwa hakuna aliyemtambua, alikuwa na nafasi ya kuchagua maneno.

Mvua ikakatika. Majirani wakaaga, Diem akawasindikiza hadi barabarani. Sen akainama kuchukua bakuli tupu, kisha akasimama akiitazama madhabahu. Trac akavua kofia, akafungua kinywa.

"Udi umekwisha, baba Diem," Sen alisema taratibu, bila kugeuka. "Marehemu akishashiba, huenda zake."