Ngiri na Beki Mwenzake

Kiangazi kimoja wanyama wa chuo cha bondeni walicheza kandanda na fisi kugombea dimbwi la mwisho lenye maji. Aliyeshinda ndiye aliyekunywa hadi mechi nyingine.

Ngiri na Kakakuona walikuwa mabeki. Mechi ya kwanza walisimama pamoja, na hakuna bao lililoingia. Lakini watazamaji walimshangilia Nyani aliyefunga, na Ngiri mpenda sifa akaumia moyo. Mechi ya pili akapanda mbele kutafuta bao. Kakakuona akabaki peke yake, akajikunja na kuzuia mikwaju yote kwa magamba yake.

"Ndugu yangu, nisaidie nyuma," alimwambia baadaye, damu ikimtoka ubavuni. "Fisi wanalenga palipobanduka gamba."

"Tangu lini ukuta ukalia?" Ngiri akamjibu, na wenzao wakacheka.

Mechi ya tatu Ngiri akapanda tena, akafunga. Jina lake likaimbwa hadi kipenga cha mwisho, na fisi hawakupata kitu.

"Njoo tukanywe!" akamwita mwenzake. Kakakuona alikuwa amejikunja mbele ya lango. Ngiri akamsukuma kwa pua. Akaviringika kidogo, wala hakujikunjua tena.

Fisi waliporudi, Ngiri alisimama golini bila mwenzake. Mkwaju wa kwanza ulimvunja mbavu, na mabao yakafuatana. Jua lilipokuchwa, wanyama walikuwa njiani kuhama bonde, watoto wao wakililia maji, na hakuna aliyemsemesha Ngiri.