Turbo kwa Ajili ya Mlima

Silinda ya nne nayo ilisoma sawasawa na zile tatu. Fundi akachomoa kipimo, akakitazama tena kama mtu asiyeiamini saa yake, na mshonaji aliyelileta gari akarudi nyuma hatua moja.

"Injini hii ni buheri wa afya," fundi alisema. "Ilishindwaje kupanda mlima?"

Mshonaji alianza kufuta vumbi kwenye kioo cha gari. Aliyejibu ni dada yake, aliyekaa kwenye benchi la gereji akiwa na daftari mapajani.

"Ilishindwa tu. Mama yetu alifia humo, kiti cha mbele, katikati ya mlima wa hospitali. Mdogo wangu huyu alikuwa naye peke yake. Anakanyaga mafuta, gari halisogei."

"Poleni sana, mwalimu."

"Tumeshapoa. Sasa binti yangu anajifungua mwezi ujao, na gari la familia ni hili hili. Nataka lifungwe turbo."

Alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita. Akisema nataka, hata mkuu wa shule alikumbuka ghafla ana shughuli kwingine.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la kubebea majora ya vitambaa na sare za wanafunzi. Fundi alilizunguka taratibu, akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa oili.

"Turbo ni kama feni," alisema. "Moshi wa ekzosi unaizungusha, nayo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Lakini joto nalo linaongezeka. Ukitaka gari la kwenda kazini kila siku, si la mashindano, unaweka presha ndogo. Na kabla ya yote, breki."

Dada akaandika: Breki.

"Halafu rejeta kubwa ya kupoza injini. Bomba jipya la kupeleka oili kwenye turbo, si la kuokoteza. Oili yenyewe ibadilishwe mapema kuliko mlivyozoea. Na mkitoka kupanda mlima, msizime papo hapo. Liacheni lingurume dakika moja, mbili, turbo ipoe. Ukizima ghafla, unaichoma."

"Nani azime gari mlimani?" dada akauliza, akicheka kidogo.

Mshonaji aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Miezi minane alikuwa ameibeba habari ile, na mwanzoni haikuwa nzito. Gari ni chuma, halina mdomo wa kujitetea. Msibani watu walimshika bega wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Shangazi alililaani gari. Dada alilipiga teke tairi mbele ya waombolezaji, halafu akalia. Naye akanyamaza. Tangu hapo kila akikaa kwenye cherehani, mguu wake ukikanyaga pedeli, ulikuwa unakumbuka mambo mengine.

Fundi alifunga boneti.

"Mwalimu, nikwambie ukweli? Lingekuwa langu, nisingeligusa. Injini nzima ukiibebesha mzigo bila sababu, unaitafutia maradhi. Ila kama kweli ilishindwa siku ile, basi kuna ugonjwa sijauona, na nikiongeza turbo juu yake, itakufa na huyo binti akiwa ndani." Akamgeukia mshonaji. "Bwana, wewe ndiye uliyekuwepo. Ilitetemeka? Ilitoa moshi? Ilichemka?"

"Ilichemka," mshonaji akasema.

Fundi alitikisa kichwa. "Iliyochemka kiasi cha kusimama huacha alama. Hii haina."

Mshonaji akamwona mpwa wake kwenye kiti kile cha mbele, ameshika tumbo, injini ikigonga kwa sababu ya uongo wake.

"Haikuchemka."

Dada akainua uso.

"Dada, gari halikushindwa. Lilikuwa linapanda vizuri kabisa. Mama akaweka mkono kwenye usukani. Akasema, mwanangu, zima. Nimechoka na zile sindano, usinirudishe kule. Nikamwambia, mama, dada ataniua. Akacheka. Basi nikaegesha pembeni, nikazima, nikamfungulia dirisha." Alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayekimbizwa. "Alitaka upepo tu. Tukakaa. Akaniegemea hapa begani, na mimi nikadhani amelala. Hospitali ilikuwa inaonekana pale juu. Dakika tatu, dada. Dakika tatu tu ningekuwa nimemfikisha."

Fundi aliokota spana asiyoihitaji, akaenda kuinama chini ya gari jingine mwisho kabisa wa gereji.

Mshonaji alisubiri. Alisubiri kofi, alisubiri kelele, alisubiri kuambiwa asikanyage tena nyumbani kwake. Kwa lolote kati ya hayo angeshukuru.

Dada alifunika kalamu yake. Kifuniko kilimshinda mara mbili. Alilitazama gari, si yeye.

"Aliniomba mimi kwanza," alisema. "Asubuhi ile ile. Nikamwahidi kwamba harudi hospitali, nikambusu, halafu nikatoka nje nikakupigia simu uje umpeleke huko huko."