Balozi Aonja Ruzuku

"Usimpe, mayu, mama yangu. Atakufa."

Kija alifungua kamba ya mkonge iliyobana mdomo wa mfuko wa mbolea ya ruzuku, akamimina chembe nyeupe kwenye karai. Karai liliposikika tu, Balozi, maksai wake wa pekee, akainua kichwa.

Luhaga, wakala wa mbolea ya serikali, alisema hayo akiwa barazani pa duka lake hapo Busisi, mikono ameibana kwapani. Kila mfugaji analijua hili: ng'ombe akilamba mbolea, tumbo linamjaa na saa haiishi yuko chini. Akilamba chumvi, anaomba nyingine.

Na Luhaga alijua alichotia kwenye mifuko aliyowauzia wakulima.

Nyuma ya Kija walisimama majirani zake. Mahindi yao yaliungua yakiwa magotini. Walipolalamika ofisini wakaambiwa, kwani si mliweka dole gumba kwenye mashine kwamba mmepokea? Serikali imeshalipa sehemu yake. Nendeni mkalime.

"Mimi shamba langu halijaungua," Kija alisema. "Huwa nachelewa kupanda. Ila macho ninayo."

"Ni jua limeyaunguza, mayu. Muulize bibi shamba."

Noela, huyo mtaalamu wa kilimo wa kata, akaangalia viatu vyake.

"Basi ng'ombe akifa, wewe ni mkweli, na mimi nitalima kwa mkono."

Luhaga akashuka ngazi. "Huyu ndiye anayekuvutia plau. Watoto watakula nini?"

"Leo ndiyo umewaonea huruma?"

Akalisukuma karai. Balozi alilamba mpaka bati likalia, kisha akaufuata mkono wa Kija, akaulamba nao.

"Ameshakula ruzuku," mtu akasema. "Sasa amekuwa balozi wa nyumba kumi kwelikweli."

Wakacheka kidogo. Kisha wakakaa chini kusubiri, kama wako msibani.

Baba yake Luhaga alifanya hivihivi enzi za vocha za mbolea. Alijenga nyumba huko mjini, Nyegezi, akazeeka, akazikwa kwa hotuba. Hakuna aliyemgusa. Luhaga alikuwa akijikumbusha hilo pale Balozi alipokunja magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akalala chini kwa kishindo.

Mwanamke mmoja akajishika kichwa. Kija hakusogea.

Luhaga akamshukuru Mungu wake. Pengine mfuko huu mmoja ulipita bila kuguswa. Pengine vijana wake walikosea siku ile. Lala, akamwambia ng'ombe moyoni. Lala hivyohivyo.

Balozi akatoa pumzi ndefu. Halafu taya lake likaanza kwenda upande, likarudi. Anacheua. Alicheua taratibu, macho nusu yamefumba, mkia ukifukuza nzi.

Jua likahamia upande wa pili wa duka, na ng'ombe bado anacheua. Mzee mmoja akaokota jiwe, akalipimapima mkononi. Wanaume wawili wakazunguka, wakasimama kwenye mlango wa nyuma.

"Sasa, wakala," Kija alisema kwa upole. "Mbona hafi?"

Luhaga akachomoa funguo mfukoni, akazitupa chini.

"Ziko chumba cha nyuma," akasema. "Mbolea zenyewe. Ile niliyowapa ni chumvi. Na sikuwa peke yangu. Nitawataja wote, ila huyo mzee aweke jiwe chini."

Watu walikimbilia nyuma. Wengine walimkalisha Luhaga kwenye ngazi zake mwenyewe, wakamzunguka. Noela akabaki akimsaidia Kija kukunja mfuko mtupu.

"Mama, umethubutuje? Ng'ombe mmoja tu uliye naye. Kama ingekuwa mbolea kweli?"

Kija alimpangusa Balozi pua, akamvuta kamba asimame.

"Aliyokula ni chumvi yangu niliyonunua mnadani, mwanangu. Mfuko ni wa mwaka juzi," akasema. "Ule wa Luhaga wa mwaka huu upo nyumbani. Hata sijaufungua."