Cheti cha Hisa za Urani

Komba alizikwa Jumatatu. Hadi siku hiyo, kampuni ya urani, ambayo aliuza shamba lake la mpunga ili anunue hisa zake, ilikuwa haijapata kitu kilimani, ila mashimo ya kupimia.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulitandaza vitu vyake mkekani, mjane achague kimoja kwanza. Tasiana aligusa cheti cha hisa, penye sahihi ya mumewe, akakiacha. Akashika jembe.

“Shemeji, utalima wapi? Kichwani?” alitania Mbawala, mdogo wa marehemu, na watu wakacheka. “Wakiipata urani, usije kulia kwangu.”

“Na mpaka waipate, wanangu watakula nini?”

Mbawala akakichukua cheti.

Siku hizi Tasiana analima kibarua kwenye mashamba ya watu.