Kidonge Kisichotakiwa Kuona Mwanga

Blanketi lilianguka kutoka dirishani kabla kidonge hakijayeyuka.

Leokadia aliruka kulirudisha, lakini jua la Juni la Stockholm halina adabu. Saa kumi alfajiri lilikuwa limeshajaa chumbani. Zephania, mumewe, akachungulia bakulini. Miezi minane alikuwa akinywa dawa hiyo gizani, kama masharti yalivyotaka, na leo ndipo alipoiona kwa macho yake.

"Usiangalie! Inaharibika!"

Leokadia mwenyewe ndiye aliyemsimulia jinsi inavyotengenezwa. Mganga wa Kitibeti, kule Sundbyberg, huchemsha na kusaga zebaki siku nyingi hadi iishe sumu, kisha huichanganya na majivu ya dhahabu na chuma. Hutoka vidonge vyeusi, ambavyo huvifunga kimoja kimoja kwa hariri. Hiki kilikuwa cheupe. Zephania alikitafuna. Unga wa ngano na mdalasini.

Moyo ulimuuma. Kwa ajili ya vidonge hivi aliacha dawa za miguu za hospitali, na sasa hafiki jikoni bila kushika ukuta. Kiwandani walishamwambia: asiposimama sawasawa kufikia Agosti, nafasi yake anapewa mwingine.

"Mzee yule katufanya mabwege," alisema. "Leo nakwenda mwenyewe."

"Kwa miguu hiyo, baba Agripina? Niachie mimi, kama siku zote. Yeye huupima ugonjwa kwa mkojo; chupa yako ninayompelekea inamtosha."

Hakumsikiliza. Alichokikosa ni mkongojo wake tu, ule wa mpingo wenye kichwa cha kifaru, urithi wa baba yake. Alikuwa amemwazima Petero, Mganda wa ghorofa ya juu, goti lilipomvimba wakati wa theluji. Wakakutana ngazini, Petero akishuka mbio huku anapiga mluzi.

"Ndugu yangu, mkongojo wangu?"

"Aa, ssebo, niliusahau kwenye treni. Nisamehe sana."

Zephania akamsamehe, akarudi kuchukua mwavuli wa kuegemea.

Kutoka Alby, walikokaa, ilikuwa treni mbili, na alifika Sundbyberg shati limelowa jasho. Mganga, mzee mfupi mwenye miwani, alimkalisha, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mshipa muda mrefu.

"Mshipa huu siujui," alisema kwa Kiswidi cha kujifunzia ukubwani. "Wewe ni nani?"

"Hunijui? Mimi Zephania, mume wa Leokadia! Miezi minane unanilisha unga!"

Mzee aliuachia mkono wake, akatabasamu kwa upole, kama anayemsamehe mgonjwa aliyechanganyikiwa.

"Bwana Zephania namfahamu vizuri. Mkewe humleta hapa kila mwezi, wameshikana mikono. Simpi mtu dawa hii kabla sijamshika mshipa. Goti lake limepona kabisa." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. "Hata fimbo yake kaniachia."

Zephania aligeuka. Kifaru cha baba yake kilikuwa kinamtazama.